Maji Yanayosoma Sifuri

Sumu yote ilikuwemo kabatini, na hilo ndilo lililomtisha Inspekta.

Alisimama kando ya mizani akimtazama Sajini wake akipima kichupa cha mwisho cha thaliamu. Kila kichupa kilikuwa mahali pake, lakiri haijaguswa, uzito ni ule ule ulioandikwa ubavuni. Haikupungua hata chembe. Na bado Profesa, mkuu wa maabara hii, alikuwa ameshazikwa, na zile nywele chache zilizomsalia kichwani zilikutwa zimejaa thaliamu. Sasa mjane wake amelazwa kwa ugonjwa ule ule. Nyayo zinamwaka moto, hawezi kuvumilia hata shuka liguse vidole, na kila akigeuza kichwa anaacha fungu la nywele kwenye mto.

Inspekta hakuwa mwoga. Aliwahi kumnyang'anya mlevi panga kwa maneno matupu, na kisa hicho kilisimuliwa kituoni kila alipoletwa askari mpya. Lakini panga unaliona. Hii ilikuwa sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha, na majuzi, alipokwenda nyumbani kwa marehemu kuhoji, alikaribishwa glasi ya maji akaimaliza yote kwa sababu jua lilikuwa kali. Tangu siku hiyo mkono wake ulikuwa ukipanda kichwani wenyewe, unavuta nywele kidogo, uone kama zitatoka.

"Zako zipo, afande," Sajini alisema bila kuinua macho. "Zangu ziliondoka zamani, wala hazikungoja sumu."

Sajini mwenyewe alikuwa ameacha kunywa cha mtu yeyote. Alitembea na chupa yake ya maji kwapani kama mtoto wa shule na hakuona haya.

Mkuu wa kituo alikuwa amekwisha kuchoka. Asubuhi hiyo alimwambia Inspekta kwamba kesi iko wazi kama mchana: Binti wa marehemu ndiye anayepeleka chupa ya maji hospitali kila siku, na kila akishaondoka, mama yake anazidiwa. Akamatwe kabla ya jioni. Inspekta aliomba aachiwe mchana wa leo tu. Kama Binti ndiye, kumfunga kutamwokoa mjane. Kama siye, sumu itaendelea kuingia tumboni mwa yule mama huku polisi wakipongezana, na watakuja kushtukia jeneza la pili. Hofu hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Aliyewafungulia makabati alikuwa naibu wa Profesa, ambaye pia alikuwa mkwe wake, mume wa huyo Binti. Maabara nzima ilimwita Bwana Vizimba, na jina hilo alilipenda. Alikuwa mtu mtaratibu, kucha fupi, koti jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye kola. Ndiye aliyewaazima polisi kipimo cha thaliamu, kidude cha kushika mkononi chenye kijiti cha kuchovya, akawaambia wapime chochote, hata mate yake. Sajini, ambaye haamini hata saa ya ukutani, alikijaribu kwanza. Tone moja la thaliamu ya kabatini ndani ya maji, namba zikaruka. Maji matupu, sifuri. Kipimo kilikuwa kizima. Halafu wakapima kila kitu nyumbani kwa marehemu: maji ya mtungi wa kuchujia, chumvi, sukari, dawa ya meno, na ile chupa inayokwenda hospitali. Kila kitu kilisoma sifuri.

"Nieleze kazi yenu hapa," Inspekta alisema. "Polepole. Kemia niliiacha sekondari, nayo iliniacha kabla yangu."

Bwana Vizimba alicheka kwa adabu. Akaeleza kwamba wanatengeneza vizimba vidogo kuliko chochote kinachoonekana kwa darubini ya kawaida, molekuli tupu, kuta zake ni oksidi ya metali. Kazi yake ni kukamata ioni chafu, chembe za metali zenye sumu, zinazotoka viwandani na kuingia kwenye maji ya watu, na vichujio vyenye vizimba hivyo vilikuwa karibu kuuzwa.

"Watu wanadhani tunajenga kizimba kwanza, halafu tunamkamata mgeni na kumtia ndani," alisema. "Hapana. Mgeni anakaa katikati, nyumba inajengwa kumzunguka. Metali, oksijeni, metali, oksijeni, mpaka juu. Ikikamilika haina mlango."

"Na mgeni akitaka kutoka?"

"Nani amemuuliza?"

Akanyoosha mkono kwenye rafu iliyo wazi, karibu na birika na kopo la sukari, akashusha mtungi wa kioo uliojaa unga wa manjano. Juu yake palibandikwa neno moja: SALAMA. Unga huo, alisema, umeshiba thaliamu iliyotolewa kwenye maji taka ya kiwanda. Akachota kidogo, akakoroga kwenye maji, akachovya kipimo. Sifuri. Kipimo hunusa ioni iliyo huru tu, alieleza, na iliyofungiwa haina harufu kwake. Hata mtu akiila, itapita tumboni na kutoka kama ilivyoingia, kwa sababu asidi ya tumbo haiwezi kubomoa ukuta ule.

Inspekta aliutazama ule mtungi kando ya sukari. Aliuliza kama nao hupimwa uzito kama vile vichupa vya kabatini.

"Kwa nini tuupime? Ni takataka. Kipimo kikishasoma sifuri, kitu kinatoka kabatini kinawekwa rafuni. Ndivyo tunavyofanya siku zote."

"Rafu haina ufunguo."

"Takataka haiibiwi, afande."

"Ni kitu gani kinachofungua kizimba?"

"Hakuna utakachokikuta nyumbani kwa mtu," alijibu, akarudisha mtungi mahali pake.

Walipokuwa wakitoka Inspekta alipita kwenye sinki. Palikuwa na mabeseni mawili. Kubwa lilijaa maji ya magadi, vyombo vya maabara vimerowekwa humo kama sahani za arusini. Dogo lilinuka siki, na ndani yake kulikuwa na vyombo vichache vilivyofungwa utepe mwekundu shingoni. Akauliza kwa nini hivi visioshwe pamoja na vingine. Bwana Vizimba alisema hiyo ni amri ya marehemu, kwamba vyombo vya vizimba visiguse magadi, na wazee wana mambo yao, wao wamezoea tu. Alilisema haraka kidogo, halafu akawakaribisha chai. Sajini alikuwa ameshafika mlangoni.

Hospitali waliingia saa za kutazama wagonjwa. Mjane alikuwa chumba cha peke yake, kitanda cha dirishani, kitambaa kimefungwa kichwani kuficha pale palipobaki wazi. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Hiyo ilikuwa rangi ya vidonge alivyokuwa akipewa, vidonge vinavyonasa thaliamu tumboni na kutoka nayo. Daktari alimweleza Inspekta nje ya mlango kwamba dawa ni ile ile inayotakiwa, na kipimo cha dawa ni sawasawa, lakini mgonjwa anapata nafuu asubuhi na kuzidiwa jioni. Kwa maneno mengine, kuna anayemtilia humu humu wodini. Macho ya daktari yalikwenda kwa Binti.

Binti alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mimba imemjaa mpaka magotini, mkono mmoja anasugua kifua. Tangu baba yake azikwe alikuwa amehamia kwa mama yake asimwache peke yake. Chupa ya maji ilikuwa mezani. Alimsalimia Inspekta kwa sauti ya mtu anayejua anachosemwa.

"Pimeni, dada," alisema. "Nimeizoea hiyo kazi yenu. Naleta maji ya nyumbani kwa sababu ya hapa yana ladha ya bomba, na Mama hayawezi. Kama kuyaleta ni kosa, basi nimekosa."

Sajini alipima. Sifuri. Inspekta alikuwa na pingu mkobani na aliuhisi uzito wake begani. Akamwomba Binti atoke kidogo na Sajini abaki mlangoni, ili azungumze na mama peke yake.

Mjane alingoja mlango ufungwe. Kisha akaingiza mkono chini ya mto, akachomoa kipakiti kidogo cha karatasi, akaangalia huku na huku kama mwanafunzi aliyeficha karanga darasani.

"Usinisemee kwa daktari, mwanangu," alisema. "Hataki dawa za nje. Lakini hivi vidonge vyake vya buluu vinanichoma hapa, kama nimemeza kaa la moto."

Akajimiminia maji kutoka kwenye chupa, akatia unga uliobaki humo, kama nusu pakiti, akakoroga kwa mpini wa kijiko. Maji yakatoa mapovu madogo. Akayanywa, akabakiza kidogo, akapangusa midomo. Inspekta alitabasamu, kwa maana hata mama yake mzazi alikuwa na ujanja wa namna hiyo. Akamuuliza dawa gani hiyo.

"Unga wa kiungulia. Magadi tu haya, ya kiwandani, kila duka linauza. Marehemu ndiye aliyenifundisha. Yeye alikuwa na vidonda vya tumbo, hakuanza siku bila glasi yake."

Inspekta alikuwa ameorodhesha kila kitu kilichokuwa katika nyumba ile kwa mkono wake, toka darini mpaka chini ya vitanda. Hakukumbuka unga wa kiungulia.

"Dawa yake iko wapi, Mama?"

"Ndiyo ajabu. Alikuwa na kopo zima. Siku ya mazishi kifua kiliniwaka kwa kilio, nikalitafuta, sikuliona. Nikajua limepotea katika pilikapilika za wageni. Nikatuma nikanunuliwa vipakiti hivi."

Mwizi gani anaacha saa ya marehemu mezani na kubeba kopo la kiungulia? Inspekta alitazama mabaki chini ya glasi. Akasikia harufu ya siki, ingawa chumbani hapakuwa na siki. Vyombo vya vizimba visiguse magadi.

"Mama, ule mtungi wa kuchujia maji nyumbani mliununua wapi?"

"Hatukuununua. Mkwe wangu ndiye aliyetuletea, Mungu ambariki. Hata kichujio anakuja kukibadilisha mwenyewe."

Inspekta aliichukua ile glasi mkononi mwake polepole, kama mtu anayempokonya mtoto wembe, akamwita Sajini. Sajini akachovya kijiti kwenye mabaki. Namba zilikaa kwenye sifuri kitambo kidogo. Kisha zikaanza kupanda. Zilipanda bila kusita. Sajini alikigeuza kipimo ili Inspekta aone.

Maji peke yake yalikuwa safi. Unga peke yake, wa dukani, ulikuwa safi. Walikuwa wamepima kila kitu kimoja kimoja, kwa uangalifu, na ndiyo maana hawakuona. Na sasa hivi, mbele ya macho yake, alikuwa amemtazama mtu akinywa sumu akamtabasamia. Aliifunika glasi kwa kiganja, asije mwingine akainywa.

"Nini, mwanangu? Mbona umebadilika?"

"Mama, nani mwingine anakunywa unga huu?"

Mjane alimtazama, kisha akatazama mlango ambao mwanawe alitokea.

"Mimba inamchoma," alisema kwa sauti ndogo. "Tunagawana pakiti, anatembea nazo mkobani. Kila asubuhi anakunywa nusu yake kabla hajaja, mimi nusu ananiletea."

Walimkuta Binti kwenye benchi la ukumbini, amevua viatu. Alisema nyayo zinamwaka siku hizi, alidhani ni uzito wa mtoto. Inspekta alimwomba afungue kitambaa. Binti akafungua, akapitisha vidole kichwani kutengeneza nywele, kama mwanamke yeyote anavyofanya mbele ya mwenzake, na vidole vilirudi vimejaa. Alizitazama nywele zile mkononi. Hakulia. Aliweka mkono mwingine juu ya tumbo, akauacha hapo.

Daktari alimlaza papo hapo, kitanda cha pili chumbani kwa mama yake, na vipakiti vyote na chupa vikatwaliwa. Kisha akamvuta Inspekta pembeni. Alikuwa kijana, na siku hiyo alionekana kijana zaidi.

"Mama yake nitampigania, na sasa nina tumaini," alisema. "Huyu ana mtoto ambaye bado kukomaa. Kama sumu aliyokula ni kidogo, nampa dawa na kumwacha mtoto alipo. Kama ni nyingi, kila saa anayokaa humo inamuua, inabidi nimtoe leo hii. Nikikosea huku nampoteza, nikikosea kule nampoteza. Majibu ya damu yanakwenda maabara kubwa, yatarudi baada ya siku kadhaa."

"Unataka kiasi."

"Nataka kiasi. Anayekijua ni yule aliyeweka."

Inspekta alijua wazi kwamba hana ushahidi wa kumshika mtu. Mtungi wa rafuni haupimwi, kopo limeshatoweka, na wakili yeyote angesema kichujio kilivuja kwa bahati mbaya. Angeweza kujenga kesi kwa miezi. Mtoto hakuwa na miezi.

Bwana Vizimba alifika kituoni kwa hiari yake, saa ya watu kutoka kazini, koti lake jeupe limekunjwa mkononi. Simu yake aliombwa aiache mapokezi, akaiacha. Habari za mkewe hakuwa nazo, maana Inspekta alikuwa amehakikisha hivyo. Mezani palikuwa na chupa ya maji yaliyotolewa kwenye mtungi wa wakwe zake, glasi, na kile kipimo chake. Sajini alikaa pembeni na kalamu.

Inspekta hakupoteza muda. Alimwambia kwamba Profesa aligundua magadi yanabomoa vizimba, ndiyo sababu ya yale mabeseni mawili. Kwamba alitaka kuzuia vichujio visiuzwe. Kwamba mkwe wake alijaza kichujio kwa vizimba vilivyoshiba, akakipeleka, kama kichujio cha kawaida cha dukani, kwa mzee ambaye kila asubuhi hukoroga magadi kwenye maji yake. Na siku ya mazishi akaliondoa kopo.

"Ni hadithi nzuri," Bwana Vizimba alisema. "Mzee alisema maneno hayo mbele ya wafanyakazi wote, kwamba nimejenga nyumba isiyo na msingi. Sikupenda. Lakini kutopenda si kuua. Haya ni maji ya mtungi?"

"Ni yale yale."

Akachukua kipimo, akakichovya, akamgeuzia Inspekta. Sifuri. Halafu akamimina glasi ikajaa, akainywa yote taratibu, akaiweka chini bila kishindo. Inspekta alielewa kwamba mtu huyu anajiamini kupita kiasi, na kwamba ana haki ya kujiamini, kwa sababu maji yale hayana neno. Alielewa pia kwa nini hakuwa na haja ya kuuondoa mtungi wa kuchujia. Alikuwa ameondoa ufunguo, akaona yatosha, na ugonjwa wa mama mkwe akaudhani ni wa glasi alizogawana na marehemu zamani.

"Kuna lingine?" aliuliza.

"Moja tu. Mkeo anatumia dawa gani ya kiungulia?"

"Mke wangu hana kiungulia."

"Kwenu hakuwa nacho. Kwa mama yake anacho. Mimba imekuwa kubwa."

Bwana Vizimba aliisukuma glasi kando. Kalamu ya Sajini ilisimama. Nje mtu alikuwa akiburuta benchi sakafuni.

"Tangu lini?" aliuliza.

Mtu asiyejua kitu angeuliza kiungulia cha mkewe kinawahusu nini polisi. Yeye aliuliza tangu lini.

"Tangu mlipozika. Anakunywa unga wa dukani, nusu pakiti kila asubuhi, kwa maji ya mtungi wako. Leo nimemwona akivua nywele kichwani kwa vidole. Yuko hospitali. Mama yake yuko kitanda cha pili, naye alikuwa akinywa vivyo hivyo."

"Unanitega."

"Natamani ingekuwa hivyo."

Bwana Vizimba alimtazama usoni akitafuta uongo, jinsi alivyozoea kutafuta kosa kwenye hesabu. Hakuuona. Akanyanyuka, akakaa tena, akasema kopo alilitupa mwenyewe, alilitupa kwenye jalala la mbali, hapakuwa na unga mwingine nyumbani mle. Alilisema mara mbili, kana kwamba wao ndio waliokosea. Sajini aliandika.

"Nisikilize," Inspekta alisema. "Daktari hajui amtoe mtoto leo au amwache tumboni. Anahitaji kiasi. Wewe ndiye uliyekijaza kile kichujio."

"Mtoto yu hai?"

"Mpaka naondoka, moyo ulikuwa unasikika."

Bwana Vizimba aliweka kidole juu ya meza, kama vile ni ubao, akaanza kuhesabu kwa sauti. Aliuliza glasi ni ipi, ile ya kioo ya mama mkwe au vile vikombe vya bati. Ya kioo, Inspekta alisema. Akataja kiasi alichokitia kwenye kichujio, na kiasi kinachotoka kwa kila glasi, na sehemu ya vizimba inayofunguliwa na nusu pakiti ya magadi. Sauti yake ilikuwa ya mwalimu darasani, tulivu, yenye mpangilio, na kidole kiliandika namba zisizoonekana, kikafuta, kikaandika tena. Inspekta hakuwahi kumwogopa mtu katika chumba kile kama alivyomwogopa huyu, ambaye sasa alikuwa akijaribu kusaidia.

"Kila siku?" aliuliza. "Hakuruka hata siku moja?"

"Kila siku."

Kidole kilisimama. Alipatazama mahali kilipoishia. Midomo ilitikisika kama anaanza hesabu upya toka juu, lakini hakuanza.

"Mtoeni leo," alisema. "Msingoje."

Inspekta alishika simu kumpigia daktari. Akakosea namba, ikabidi aanze tena.